Tusilipie Takataka Zetu
Maneno ya mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi, Malaba



Mimi si fundi wa kompyuta. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, na kazi yangu mnaijua, ni kuunga na kufungua mabehewa. Lakini mwaka jana mlinikabidhi ufunguo wa ghala la tawi lililo mtandaoni, lile waliitalo wingu. Leo imeletwa hoja kwamba ghala limejaa, basi tutoke GB 100 twende GB 200. Mimi naipinga hoja hiyo.

Wingu hili si la mbinguni. Ni mashine zilizo katika majumba makubwa ya kampuni, zikila umeme usiku na mchana, nasi tumepanga chumba humo. Watu wa reli twalijua jambo hili. Behewa likikaa siku nyingi kwenye njia ya pembeni bila kupakuliwa, mwenye mzigo hutozwa, liwe limebeba shaba au matambara. Wingu nalo halijui kama hii ni barua ya ajira au video ya mbuzi juu ya pikipiki. Linapima ukubwa tu, na kila mwezi fedha hukatwa. Fedha hizo ni ada zenu.

Wengi mwauliza, mbona hata simu yangu yasema nafasi imekwisha na mimi sijaongeza kitu? Google hutoa GB 15 bure, lakini barua za Gmail, Drive na picha zote hula sahani moja. Zamani picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa; tangu tarehe 1 Juni 2021 zinazopandishwa huhesabiwa. Kisha mwaka 2024 nakala za akiba za WhatsApp kwenye simu za Android nazo zikaanza kuhesabiwa. Basi kila salamu ya asubuhi yenye maua uliyotumiwa na shemeji yako imekaa ghalani.

Nilikesha jioni tatu na katibu tukikagua ghala letu. Fomu moja ya mwanachama tuliikuta mara tano: picha aliyoipiga mwenyewe, picha ile ile ilivyopita WhatsApp, picha ya kioo cha simu, na nakala mbili walizojitengenezea wajumbe badala ya kufungua ile iliyokwisha shirikishwa. Wingu huzihesabu kila moja peke yake, kwa sababu WhatsApp huipunguza picha ikawa faili jingine. Video ya Sikukuu ya Wafanyakazi ilikuwamo mara nne. Na sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa wetu wa pekee: simu ya laini ya Kenya, simu ya laini ya Uganda, kila moja na akaunti yake, na zote mbili zapandisha harusi moja.

Mtu aweza kusema, hayo ni madogo. Si madogo. Mwezi wa pili ndugu yetu mmoja alibanwa vidole kazini. Akatuma karatasi zake kwa barua-pepe ya tawi ili tumsaidie kudai fidia chini ya sheria ya mwaka 2007. Ghala lilikuwa limejaa, na likijaa, barua haziingii. Barua ikamrudia na maneno ya Kiingereza ambayo hakuyaelewa, akadhani tumepokea. Alikaa wiki tatu akitungoja, na sisi hatuna habari. Kosa hilo ni langu, mwenye ufunguo, nami nimekwisha mwomba radhi mbele ya mkewe. Alipoleta karatasi kwa mkono, tukapoteza siku nyingine tukitafuta ni fomu ipi kati ya zile tano iliyotiwa sahihi.

Lakini nisisikike kama nasema tufute ovyo. Wazee waliofanya kazi katika reli ya Afrika Mashariki kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977 wanajua thamani ya karatasi. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984 tu, na huko Tanzania madai ya wafanyakazi yakaendelea mahakamani miaka mingi baadaye. Aliyekuwa na barua yake ya ajira alikuwa na pa kuanzia. Kwa hiyo barua za ajira, hati za mshahara, karatasi za majeraha, mihutasari na daftari la ada hazifutwi. Hizo hupewa jina na tarehe, zikawekwa mahali pamoja, na nakala nyingine katika diski kabatini mwa ofisi. Nakala ya diski si urudufu wa uzembe, ni ya kusudi.

Tena angalieni: ukifuta picha ndani ya Google Photos huku simu imeunganishwa, hutoweka na simuni pia. Na ukifuta barua au faili la Drive, huenda kwanza kwenye pipa, na humo laendelea kuhesabiwa mpaka siku 30 zipite au ulimwage mwenyewe. Anzeni na vikubwa. WhatsApp ina ukurasa unaopanga video kwa ukubwa. Nusu saa yatosha.

Jambo jingine, akaunti za zamani. Wapo waliofungua mpya kila waliponunua simu. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu isiyotumika miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Kama hati zako za mshahara zimo humo, ingia leo uzitoe.

Katika jioni zile tatu ghala letu lilishuka kutoka GB 100 hadi GB 37, na hatujagusa simu za wajumbe. Naomba hoja ya GB 200 iahirishwe miezi mitatu. Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi mimi na katibu tutakuwa ofisini. Njooni na simu zenye chaji, na nywila zenu mzikumbuke, maana mimi siwezi kuzijua wala sitaki kuzijua.