Chandarua ni Amana: Tusiwasahau Watoto wa Bweni
(Mawaidha kwa walimu na wazazi wa wanafunzi wa madrasa)

Kila sifa njema inamstahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Kila inapoingia masika, sisi walimu huiona malaria kabla zahanati haijaiona. Huiona darasani: mtoto aliyekuwa akihifadhi nusu ukurasa kwa siku amelala mkekani, amejifunika kanga aliyopewa na mama yake, anatetemeka. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 maradhi haya yaliua watu wapatao 597,000 ulimwenguni. Takriban 95 katika kila 100 walikuwa wa Afrika, na kiasi cha robo tatu ya hao wa Afrika ni watoto wasiotimiza miaka 5.

Kwa sababu hiyo ugawaji wa vyandarua vyenye dawa ulianza na walio dhaifu. Mwili wa mtoto mdogo haujapata nguvu ya kupambana na vimelea. Na kwa mama mjamzito, vimelea hujificha katika kondo la nyuma, mtoto akazaliwa na uzito pungufu. Tanzania Bara ilianza mwaka 2004 kuwapa wajawazito Hati Punguzo. Katika miaka ya 2009 hadi 2011 vikagawiwa bure, kwanza kwa watoto wadogo, kisha kwa kaya zote. Mwaka 2013 vikapelekwa kwa wanafunzi wa shule za Lindi, Mtwara na Ruvuma, na mwaka 2016 ukaanza utaratibu wa kuwapa kliniki wajawazito, na watoto wanapopata chanjo ya surua.

Sasa tujiulize: mtoto aliyeletwa katika bweni la madrasa yumo katika daftari gani? Si mchanga, wala si mjamzito. Chandarua cha kwao amekiacha kwa mdogo wake. Kama hayumo katika shule inayogawiwa, basi hakuna anayemhesabu ila sisi.

Hatusemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Katika bweni tulilolisimamia, wanafunzi 22 walikuwa na vyandarua 5, navyo vimetoboka. Mzazi mmoja alipotuuliza, tulimjibu kwa kumhimiza tawakkul. Haikupita wiki, mwanawe akalazwa. Alhamdulillah, alipona, lakini jibu lile hatulikumbuki bila kuona haya. Tulikijua Kiarabu cha neno tawakkul, tukaiacha maana yake.

Maana yake ameifundisha Mtume (S.A.W.) katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi: mtu alipomuuliza kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Na Sayyidna Umar (R.A.), alipofika Sargh na kupewa habari ya tauni iliyoko Sham, aliwarudisha watu. Abu Ubayda (R.A.) alipohoji kama huko si kuikimbia qadari, Umar alibainisha kwamba wanatoka katika qadari ya Allah na kuelekea katika qadari ya Allah. Basi kufunga chandarua ni katika kuchukua sababu, na kuchukua sababu ni katika dini.

Wako wanaosema: vyandarua hivi vinatoka kwa wasio Waislamu, huenda vina hila. Ndugu zetu, Mtume (S.A.W.) katika Hijra alimkodi Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia, naye hakuwa Muislamu. Yalitazamwa ujuzi na uaminifu wake. Dawa hii nayo imepimwa kwa miaka mingi, na watoto waliolala ndani yake wamekufa kwa uchache kuliko wasiolala.

Lakini kupokea si mwisho. Chandarua kilichotolewa kwa ajili ya mjamzito na mtoto ni amana yao. Baba akikitwaa akalala peke yake, au kikazungushiwa bustani, au kikawa nyavu ya kuvulia, amana imevunjwa. Tena dawa yake huwadhuru samaki.

Kwa hiyo tunausia mambo matatu. Kwanza, kila madrasa yenye bweni ihesabu vitanda na mikeka ya kulalia, na ipeleke hesabu hiyo kwa mganga wa zahanati na serikali ya mtaa. Pili, pale vitakapopungua, sadaka ya Ijumaa moja inunue kabla ya kununua zulia au kipaza sauti. Tatu, baada ya Isha, mwalimu wa zamu apite na taa, ahakikishe kila chandarua kimeteremshwa na kuchomekwa chini ya godoro au mkeka. Kikichafuka kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, kwani jua hudhoofisha dawa.

Mzazi ametukabidhi mtoto wake ili tumfunze Kitabu cha Allah. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, nasi tutaulizwa pia kuhusu usiku wake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.