Tangazo Lililovaa Koti la Daktari

Umeshuka kituo cha Kawangware 46, Nairobi, unafungua tovuti ya mtaa kujua maji yatarudi lini, mara kioo chote kinageuka chekundu: "Simu yako ina virusi 13! Bonyeza hapa." Usibonyeze. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuipima simu yako ukahesabu virusi. Hilo ni tangazo tu, limevaa koti la daktari. Funga ukurasa, basi.

Lakini ngoja. Kuna onyo jingine, la kivinjari chenyewe, linalokuzuia kabla hujaingia. Hilo litii.

Sasa, lawama ni ya nani? Kwa upande mmoja, wenye tovuti hujitetea kwamba nafasi ya tangazo hupigwa mnada na mitambo, chini ya sekunde moja, na wao hawalioni kabla yako. Tena senti za matangazo ndizo zinazolipia tovuti. Na mitaa inazihitaji tovuti hizo: Kibera, ambako vijana wa mradi wa Map Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao mwaka 2009, inajua thamani ya kujieleza yenyewe mtandaoni.

Kwa upande wa pili, simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa: kodi ya nyumba, karo, unga wa jioni. Mimi naegemea huku. Sheria ya Kenya ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 ipo, ila tapeli aliye nyuma ya tangazo huenda yuko ng'ambo, hivyo mlinzi wa karibu ni tovuti yenyewe.

Je, tovuti ya mtaa ikiyafukuza matangazo hayo, sisi wasomaji tuko tayari kuichangia?