Mwana Mpotevu Akichezwa Gerezani

Masomo: Luka 15:11-32, Waebrania 13:3



Kutoka hapa Kapolowe hadi gereza la Buluo, kule Likasi, si mbali sana. Katika makanisa yetu kuna mama wanaojua vizuri bei ya safari ile, kwa sababu katika nchi yetu mfungwa asiye na ndugu wa kumletea bukari anaweza kulala njaa. Tunapowatembelea tunaimba, tunahubiri, tunawaombea, tunagawa sabuni na unga, kisha tunarudi. Ni vema, tusiache. Lakini angalieni: saa hizo zote mfungwa hasemi neno. Anasikiliza tu. Ndiyo maana leo tunataka kuongea habari ya mchezo wa kuigiza.

Tunajua wengine wameanza kutikisa kichwa. Mchezo? Mambo ya dunia hayo! Wapendwa, Ezekieli aliagizwa na Mungu kuchora mji wa Yerusalemu juu ya tofali, akalala kwa ubavu mmoja siku 390. Agabo alichukua mshipi wa Paulo, akajifunga nao mikono na miguu. Nathani hakuanza kwa kumshitaki Daudi; alimletea habari ya maskini na mwanakondoo wake, na Daudi akawaka hasira kabla ya kujua kwamba anajihukumu mwenyewe. Na sisi watu wa Katanga, tuliosikiliza kundi la Mufwankolo kwenye redio, nani hakucheka siku moja, halafu akanyamaza kwa kujiona mle ndani?

Kule Robben Island, Afrika ya Kusini, wafungwa wa siasa walicheza Antigone, mchezo wa Wagiriki wa kale. Nelson Mandela alipewa sehemu ya Creon, mfalme anayekataza maiti isizikwe. (Sisi tunaojua uzito wa matanga tunaelewa ukatili huo bila mwalimu.) Mtu aliyefungwa na watawala wakali alivaa ukali wa mtawala, akaupima kutoka ndani. Baadaye yeye mwenyewe alitawala. Marekani, katika gereza la Sing Sing, kazi ya namna hii ilianza 1996. Mwaka 2023 ikatoka filamu yenye jina la gereza hilo, na wengi wa waigizaji wake walikuwa wamefungwa pale kweli.

Sisi hatuna filamu. Tuna Luka 15, na haidai vyombo vingi: kitambaa cha joho, pete ya majani, sahani. Wakuu wa gereza wakiturusu, tuwaachie wafungwa waicheze kwa maneno yao. Kila mmoja atataka kuwa mwana mpotevu, maana njia ile anaijua. Afadhali apewe baba. Asimame pale, atazame barabara, angoje mtu asiyekuja, jana na leo. Huenda hapo ndipo atamwona mama yake.

Lakini tuwe na akili. Wengi waliomo katika magereza yetu hawajahukumiwa bado. Mtu asilazimishwe kuigiza kosa lake mbele ya watu, maneno ya mchezo yakageuka kuwa mashitaka. Ndiyo sababu tunachukua habari ya Biblia, si habari ya mfungwa. Tena tusiwasahau walioumizwa. Mvuvi aliyeibiwa nyavu zake, na watoto wakakosa karo ya shule, haombwi kupiga makofi.

Na mvuvi huyo anaketi pamoja nasi kanisani. Wakati mwingine ni sisi wenyewe. Kwa hiyo sehemu ya kaka mkubwa, yule anayesikia ngoma na kukataa kuingia, tusiwape wafungwa. Tuicheze sisi wageni. Baba atatoka nje atubembeleze. Na baba huyo atakuwa amevaa nguo za kifungo.

Yesu hakueleza kama kaka aliingia. Basi atakayekwenda Buluo ajitayarishe: wafungwa watasimama katikati ya karamu yao, wakimtazama, wakingoja aseme.