Waraka ni Nusu ya Kuonana

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme machache juu ya swali hili: dola mbili kubwa zishindanazo zawezaje kusemezana na kushirikiana, badala ya kuangamizana? Tulipopokea agizo hilo wenzetu wengine walituuliza, "Mambo ya wakuu wa dunia yatuhusu nini sisi tunaoshinda mezani na majalada?" Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwanza. Yatuhusu kwa sababu bomu la atomiki halichagui mkubwa wala mdogo. Tena yatuhusu kwa sababu tukichunguza jinsi Marekani na Muungano wa Sovieti zilivyookoka katika miaka ya hatari, twaona ya kuwa sehemu kubwa ya wokovu ule ilikuwa kazi ya barua: kuandika, kufasiri, kupeleka, kupokea na kujibu. Na hiyo ndiyo kazi yetu.

Yafaa tukumbuke Oktoba 1962. Wasovieti walikuwa wamepeleka makombora ya atomiki katika kisiwa cha Cuba, karibu na pwani ya Marekani. Rais Kennedy alipewa habari tarehe 16, na tarehe 22 akawatangazia watu wake ya kuwa manowari zitazuia silaha zisiingie kisiwani. Bwana Khrushchev, mkuu wa Sovieti, akalipinga tangazo hilo. Majeshi ya pande zote mbili yakawekwa tayari.

Sasa angalieni jinsi barua zilivyokwenda. Tarehe 26 Khrushchev aliandika barua ndefu, akisema kwamba Marekani ikiahidi kutoishambulia Cuba, haja ya kuwako askari wa Kisovieti kisiwani itaondoka. Barua ile ilipelekwa kwenye ubalozi wa Marekani mjini Moscow, ikafasiriwa, ikatumwa vipande vipande. Ikachukua muda wa saa 12 hivi hata kufika yote Washington. Na upande wa pili je? Balozi wa Sovieti huko Washington, Bwana Dobrynin, alisimulia baadaye ya kuwa simu zake za siri zilichukuliwa na tarishi wa kampuni ya simu, kijana aliyekuja kwa baisikeli, na wao ubalozini hawakuwa na la kufanya ila kuomba asikawie njiani. Basi fikirini, Mabwana: maisha ya mamilioni ya watu yalikuwa juu ya baisikeli ya tarishi.

Kabla barua ya kwanza haijajibiwa, tarehe 27 ikafika ya pili, kali kuliko ile, ikidai Marekani iondoe makombora yake katika nchi ya Uturuki. Karani mwenye haraka angaliijibu ile ya pili kwa maneno makali zaidi. Kennedy na washauri wake hawakufanya hivyo. Waliijibu kwa maandishi ile ya kwanza, iliyoacha mlango wazi. Na usiku ule Bwana Robert Kennedy, ndugu yake Rais, alionana na Dobrynin faraghani, akamwambia ya kuwa makombora ya Uturuki nayo yataondolewa, ila jambo hilo lisitangazwe. Siku ya pili yake Khrushchev akakubali. Naye kwa kuogopa kuchelewa aliamuru jibu lake lisomwe katika redio ya Moscow, likasikiwa na ulimwengu wote.

Wakuu wote wawili walijifunza jambo moja: wangaliweza kuangamia si kwa uadui tu, bali kwa kukawia kwa barua. Kwa hiyo tarehe 20 Juni 1963 wajumbe wao walitia sahihi mapatano mjini Geneva ya kuunganisha Washington na Moscow kwa waya, na tarehe 30 Agosti kazi ikaanza. Watu wengi hudhani kwamba chombo kile kilikuwa simu nyekundu iliyowekwa mezani kwa Rais. Sivyo. Zilikuwa mashine za kupiga chapa, na maneno yalipita katika waya kwa njia ya London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki. Wamarekani walipeleka Moscow mashine za herufi zao, na Wasovieti wakapeleka Washington mashine za herufi za Kirusi. Kila upande uliandika kwa lugha yake wenyewe, na kufasiri ikawa kazi ya mpokeaji.

Mbona walichagua maandishi? Kwa sababu heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtu asemaye kwa simu huweza kukasirika, au kusikia vibaya, au kufasiriwa upesi mno. Mtu aandikaye husoma tena kabla ya kupeleka, na apokeaye hupata nafasi ya kufikiri, na nakala hubaki katika jalada ili pasiwe na ubishi kesho juu ya neno lililosemwa leo.

Tena kulikuwa na kazi ya kila siku ambayo wakubwa hawakuiona. Makarani wa pande mbili waliujaribu waya ule kila saa, mchana na usiku, zamu kwa zamu, kwa kupelekeana maneno yasiyohusu siasa. Miaka ikapita hivyo. Kisha Juni 1967, Israeli na majirani zake Waarabu walipoanza kupigana, mkuu wa serikali ya Sovieti, Bwana Kosygin, aliutumia kumwandikia Rais Johnson. Tarehe 8 manowari ya Marekani iitwayo Liberty ilishambuliwa na majeshi ya Israeli, na ndege za Marekani zikatumwa kuisaidia. Wasovieti walikuwa na manowari zao katika bahari ile ile. Johnson akaandika mara moja kumweleza Kosygin ndege zile zaenda wapi na kwa nini, ili asije akazidhania kuwa za vita. Waya uliojaribiwa miaka karibu minne ulikuwa tayari siku ulipotakiwa.

Wenzetu, kusemezana ni nusu. Nusu ya pili ni kufanya kazi pamoja. Katika mwaka 1958 daktari wa Kisovieti, Bwana Zhdanov, alisimama mbele ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani akashauri ya kuwa ugonjwa wa ndui ufutwe katika dunia nzima. Wasovieti walitoa dawa ya kuchanja, kwa jumla zaidi ya sindano 1,000,000,000. Na bidii kubwa ilipoanza mwaka 1967, aliyeiongoza alikuwa Mmarekani, Daktari Henderson. Mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977, naye alipona. Mei 1980 ikatangazwa ya kuwa ugonjwa umekwisha duniani.

Lakini tusijidanganye. Mwaka ule ule wa 1977, na katika pembe ile ile ya Afrika, Somalia na Ethiopia zilikuwa zikipigania Ogaden kwa silaha ambazo nyingi zilitoka katika ghala za dola hizo mbili. Wasovieti waliokuwa rafiki wa Somalia waligeuka wakaisaidia Ethiopia, ambayo zamani ilipewa silaha na Marekani. Basi watu wa mahali pamoja, katika mwaka mmoja, walipata kwa dola zile zile uzima kwa mkono mmoja na mauti kwa mkono wa pili. Sisi tulio wadogo hatuwezi kusema kwamba ugomvi wa wakubwa wala urafiki wao ni wao peke yao.

Wako wasemao kwamba mazungumzo na adui ni hadaa tu, na kwamba adui hutaka kupata nafasi ya kunoa panga. Twakiri ya kuwa huweza kuwa hivyo. Ndiyo sababu Rais Reagan alipenda kurudia methali ya Warusi wenyewe, iagizayo mtu aamini, lakini ahakikishe. Katika mapatano aliyotia sahihi pamoja na Bwana Gorbachev tarehe 8 Desemba 1987 kila upande ulikubali wakaguzi wa mwenzake wakae kwenye mlango wa kiwanda chake, wakihesabu vitokavyo. Makombora 2,692 yaliharibiwa kwa mapatano hayo. Hata hivyo baadaye kila upande ulimshitaki mwenzake kwa kuyavunja, na mwaka 2019 yakafa. Mapatano ni kama jalada: likikosa mtu wa kulishughulikia, huliwa na mchwa.

Wala chombo peke yake hakitoshi. Mwezi wa Februari 2023 Marekani ilipoangusha puto la China lililopita juu ya nchi yake, Waziri wa Ulinzi wa Marekani alitaka kusema na mwenzake wa China kwa simu, simu haikupokewa. Ilipofika Novemba mwaka ule ndipo wakuu wa nchi hizo mbili walipokutana karibu na San Francisco wakakubaliana majeshi yao yasemezane tena. Mtambo ulikuwapo siku zote. Nia ya kujibu ndiyo iliyokosekana.

Basi, wanachama, tupate nini katika hayo kwa kazi yetu? Twaona mambo matatu. Kwanza, barua ijibiwe kwa wakati wake. Barua isiyojibiwa huyazaa maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Pili, tunapopokea barua mbili kwa mtu mmoja, moja ya hasira na moja ya akili, tumjulishe mkubwa wetu zote mbili, tusifiche hata moja, tena tumwonyeshe ni ipi iwezayo kujibiwa bila ugomvi. Tatu, tuufanyie majaribio waya wetu wakati wa amani. Matawi ya Chama chetu yana desturi ya kuandikiana wakati wa mashitaka tu. Twashauri kila tawi liandikie tawi jirani mara moja kila mwezi, hata kama hakuna neno ila salamu na habari za kazi, na Mwandishi wa Chama atunze nakala. Twaomba Halmashauri ilipeleke shauri hili katika mkutano ujao, lipigiwe kura.

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana.