Mzee Anaporudishwa Nyumbani

Mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu ya leo: shufaa, mofini, dozi. Yasomeni pamoja, polepole. Vizuri.

Leo tutazungumza juu ya mzee mgonjwa ambaye hospitali haiwezi tena kumponya. Ni habari nzito, lakini kila nyumba hukutana nayo. Yafaa tuijue mapema.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja wa Zirai, huku milimani Usambara, ana saratani. Watoto wake wamemteremsha mpaka hospitali ya Muheza. Wameuza iliki, wameuza na mbuzi. Baada ya majuma matatu daktari anawaita. Anasema: "Ugonjwa huu hatuwezi kuuondoa. Sasa tungependa kumhamishia baba yenu kwenye tiba shufaa, naye arudi nyumbani."

Mtoto wa kwanza anakasirika. Anasema, "Baba amefukuzwa!" Wa pili anasema, "Tuuze shamba, tumpeleke Dar es Salaam." Mzee mwenyewe amelala kitandani, anauma meno kwa maumivu. Hakuna aliyemwuliza neno.

Je, amefukuzwa? Hapana. Tiba shufaa ni tiba kamili. Kazi yake ni kupunguza mateso: maumivu, kukosa pumzi, kutapika, vidonda, na hofu ya moyoni. Mgonjwa aweza kuipata hata akiwa bado anatibiwa ugonjwa wenyewe. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziingize tiba hii katika huduma zao za afya.

Kazi hii imetoka mbali. Huko London, Bibi Cicely Saunders, aliyekuwa mwuguzi kwanza na daktari baadaye, alifungua mwaka 1967 nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa namna hii. Huku kwetu Afrika Mashariki, Nairobi ilianza mwaka 1990. Kampala ilifuata mwaka 1993 kwa juhudi za Daktari Anne Merriman. Yeye alitumia dawa ya bei nafuu: unga wa mofini uliokorogwa katika maji, mgonjwa akanywa akiwa nyumbani kwake. Hata Muheza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Hospitali Teule ilianza kazi hiyo, na wahudumu wakawafuata wagonjwa majumbani.

Sasa tuseme juu ya mofini. Watu wengi huiogopa. Husema ni dawa ya kuua. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, haiui; huondoa maumivu. Mwili wa mzee si kama wa kijana. Figo zake hazitoi dawa upesi, na kwa hiyo daktari huanza na kipimo kidogo. Dawa hiyo ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi. Ndiyo sababu hutolewa kwa saa, wala hatungoji mzee alie. Kungoja maumivu yarudi ni sawa na kungoja mvua inyeshe ndipo uezeke nyumba.

Mofini hufunga choo. Basi mwombeni daktari na dawa ya kulainisha choo. Siku za kwanza mzee huenda akasinzia. Lakini akisinzia mno hata kumwamsha ni shida, au akipumua polepole mno, msimpe dozi nyingine. Pigeni simu hospitali mara moja. Wala msimpe mtu mwingine dawa hiyo, na iwekeni mbali na watoto.

Hapa ndipo kusoma kwako kunapofaa. Chukua karatasi, andika saa za dawa kama daktari alivyosema. Kwa mfano: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Kila dozi ikinywewa, tia alama. Hata mjukuu akibaki na babu yake, ataisoma karatasi hiyo.

Kabla ya kuondoka hospitalini, ulizeni maswali manne. La kwanza: dawa gani, kipimo gani, saa ngapi? La pili: ikiisha tutaipata wapi? La tatu: hali ikibadilika usiku, tumpigie nani simu? La nne: tukiona dalili gani tumrudishe hapa?

Msione haya kuuliza. Zirai ni mbali, na wakati wa masika njia ni ya utelezi. Kama majibu hayapatikani, au kama nyumbani hakuna mtu wa kumgeuza mzee kitandani, semeni wazi ili mipango mingine ifanywe. Kumrudisha mzee mwenye dawa na watunzaji si kumtupa. Kumrudisha bila dawa na bila mtu wa kumwuliza, huko ndiko kumtupa.

Na liko swali la tano, nalo si la daktari. Keti karibu na mzee wako, maumivu yakiwa yametulia, umwambie: "Baba, wewe wapenda nini?" Labda atasema twende Dar es Salaam. Labda atasema nataka kukaa barazani kwangu, niwaone wajukuu, niseme habari ya shamba nikiwa na akili zangu. Msikilizeni. Maisha ni yake.

Sasa jibuni kwa kuandika:
1. Kazi ya tiba shufaa ni nini?
2. Kwa nini mofini hutolewa kwa saa?
3. Andika maswali manne ya kumwuliza daktari.
4. Katika mfano wetu, ni nani aliyesahauliwa kuulizwa?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.