Walioikosa Shule Wasisahaulike

Tanzania ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2001, lakini ada haikuwa kikwazo pekee kijijini. Wapo watoto waliobaki machungani, na waliobaki nyumbani kulea wadogo zao. Hao ndio walengwa wa MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Kijana wa miaka 14 hujifunza kusoma na kuhesabu pamoja na rika lake, asione haya kukaa dawati moja na mtoto wa miaka saba.

Hata hivyo, darasa la bure lina gharama: vitabu, chumba, na posho ya mwalimu inayofika kwa wakati. Halmashauri ziziweke gharama hizo kwenye bajeti kila mwaka. Mtoto aliyechelewa shule bado ana haki yake.