Mali Bila Daftari: Maneno Juu ya Kuchora Saketi



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali, na sehemu ya kazi hiyo ni kuchora saketi za elektroniki kwa kompyuta. Natumia programu iitwayo KiCad, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992. Haiuzwi, hata maabara ya shule hii yaweza kuwa nayo bila malipo.

Katika programu hiyo kila kifaa huchorwa kwa alama. Alama peke yake ni picha tu. Kinachoipa maana ni sifa zinazoandikwa pamoja nayo: kwanza utambulisho, kama R1 au C3, ambao vifaa viwili haviwezi kuwa nao kwa pamoja, pili thamani, tatu umbo la nafasi yake kwenye bodi, nne mahali ilipo karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Tena kila mguu una namba yake, na namba hiyo ndiyo inayoamua njia ipi ya umeme iende wapi. Wenzetu wa Geita wanalijua jambo hili: mfuko wa mawe ya sampuli usio na namba hauna faida maabara, hata kama dhahabu imo.

Sasa nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, hapa Shinyanga, nilichora kengele ya kutoa habari tangi la maji linapojaa, ili maji yasimwagike bure katika mkoa wenye ukame kama huu. Nilichukua alama ya transista BC547, nikafuta jina, nikaandika 2N3904, kwa kuwa ndiyo iliyokuwako dukani. Namba za miguu sikuzigusa. Tukatengeneza bodi 12. Haikulia hata moja. Nikamlaumu fundi aliyezilehemu, mbele ya watu.

Hakunijibu. Kesho yake aliweka mezani kwangu karatasi mbili za maelezo. Upande bapa ukikuelekea na miguu ikiwa chini, BC547 husomeka kutoka kushoto: kolekta, besi, emita. 2N3904 husomeka: emita, besi, kolekta. Alama yao ni moja, lakini miguu imepishana. Fundi alifuata bodi, bodi ilifuata mchoro, na mchoro ulikuwa wangu. Nilimwomba radhi mbele ya watu wale wale.

Tangu siku hiyo nina maktaba yangu ya alama. Haiingii alama humo kabla sijalinganisha kila mguu na karatasi ya mtengenezaji, na mtu wa pili akakagua. Nikirekebisha alama maktabani, nakumbuka pia kwamba mchoro wa zamani unabaki na nakala ya zamani mpaka niuamuru uchukue mpya.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Vijana, sifa za alama ndizo daftari la mchoraji. Na siku kazi itakapoharibika, kabla hujamlaumu aliye chini yako, fungua kwanza mchoro wako.